Mahari Pazuri

Sehemu ya kumi na moja: Glavu ya mkono wa kushoto

Mmenitukana wiki nzima. Ujumbe wenu ninao hapa kwenye simu, na mmoja umetoka Morogoro: "Mwandishi, wewe ni katili. Unamwachaje dada wa watu amesimama nyuma ya gari na glavu ya mwanamke mkononi?" Haya, poleni. Hata yeye miguu imemuuma. Tuendelee.

Na wewe uliyenunua gazeti hili kwa ajili ya kufungia maandazi, sikiliza haraka haraka. Frida Mhina ni Mtanzania wa Muheza, mhasibu katika kampuni ya bima hapa Kigali. Ana mwanaume wake, Mnyarwanda, anaitwa Shema. Wana miaka minne pamoja. Kwa miaka yote hiyo, neno "ndoa" likitajwa, Shema husema "tutaongea," kisha huongea mambo ya mpira.

Sasa Shema huyo huyo amekata tiketi mbili za kwenda kisiwa cha Morisi. Hoteli ya wapendanao, mchanga mweupe, minazi, chakula cha jioni kwa mishumaa, na gofu kwa wawili wawili. Ndege ni kesho asubuhi. Frida hajui gofu, na mishumaa haimsisimui kwa sababu kwao Muheza umeme ukikatika ndiyo hiyo hiyo. Anachotaka ni neno moja tu. Ofisi inataka kumhamishia Dodoma na jibu linasubiriwa akirudi likizo. Ameapa moyoni: Shema asiposema kisiwani, basi yeye anakwenda Dodoma na hageuki nyuma.

Leo ilikuwa Jumamosi ya umuganda, ule usafi wa pamoja wa kila mwisho wa mwezi. Watu wa Rebero walikuwa wameshasafisha mitaro yao, wameshakaa mkutano wao, wameshatawanyika. Frida alikuwa amepanda kutoka Kagarama kuja kunywa chai kwa Shema. Shema akampa ufunguo wa gari, akasema, "Chérie, weka jembe kwenye buti." Maskini, alisahau kilichokuwamo ndani ya buti.

"Hii ni ya nani?" Frida aliuliza.

Shema alikuwa anatoka mlangoni na vikombe viwili. "Nini?"

"Usiniambie nini. Glavu. Nyeupe. Ya ngozi. Ndogo. Ya kike."

"Mana yanjye, Mungu wangu," Shema alisema, na chai ikamwagikia kiatu.

Frida aliitazama ile chai. Kwa maoni yake mtu asiye na kosa hamwagi chai.

"Na ya pili iko wapi?"

"Ya piri hakuna."

"Hakuna! Huyo mwanamke ana mkono mmoja?"

Hapa niseme jambo moja, msije mkadhani mpiga chapa amelewa. Shema kazaliwa Kigali, kakulia Kigali, na Kiswahili chake ni cha Kigali. Kwenye ulimi wake herufi L haijawahi kuonekana. Hata Frida alipokuwa akimfundisha kusema "lala salama," mwaka wa kwanza wa mapenzi, aliishia kucheka tu na kumbusu. Mwaka wa kwanza kila kitu kinachekesha. Kwa hiyo Shema akisema, mimi nitaandika alivyosema.

Frida alipiga simu palepale na kuiweka kwenye spika. Aliyepokea ni Wanjira, Mkenya wa meza ya jirani ofisini, mwanamke aliyevunja uchumba mara tatu na anatoa ushauri bila kuombwa.

"Ati glavu moja?" Wanjira alipiga kelele. "Wacha wee! Msichana, hiyo ingine iko na mwenyewe. Hiyo imeachwa makusudi. Mimi nishawahi kuachiwa hereni kwa kiti cha mbele."

"Mwambie Wanjira," Shema alisema kwa unyonge, "kwenye gofu mtu anavaa gravu moja tu."

"Mwambie huyo jamaa kwenye gofu kuna watu wazima, na watu wazima wana mikono miwili!"

Frida alikata simu. Akaingiza mkono kwenye buti, akavuta begi refu. Fimbo za chuma zikagongana.

"Na haya madude? Na hili vumbi?" Alipitisha macho kwenye kioo cha nyuma. Kilikuwa chekundu chote, hakionyeshi kitu. "Wewe gari lako unaliosha kila Ijumaa. Kila Jumamosi unaniambia uko mazoezi ya kwaya. Kwaya yenu inaimbia shambani?"

Shema alifunga buti. Alikuwa na uso wa mtu aliyekamatwa, na hilo Frida aliliona vizuri sana.

"Ingia kwenye gari," alisema. "Twende Gahanga. Utaona mwenyewe."

*

Njia nzima Frida alikuwa anamtafuta yule mwanamke kichwani. Alimpa urefu, akampa kiuno, akampa na meno mazuri. Walipoacha lami na kuingia njia ya vumbi, alikuwa ameshampa hata gari.

Gahanga hapakuwa na mwanamke. Palikuwa na shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa, mbuzi wawili, na mzee Évode, mjomba wake Shema na mwenye shamba. Mzee Évode alikuwa amekaa kwenye kigoda kivulini. Kichwani alikuwa amevaa kofia ngumu ya pikipiki, na kioo amekishusha usoni.

"Mjomba wako ana nini?" Frida alinong'ona.

"Anajirinda."

Shema alichukua fimbo, akapanua miguu, akatikisa makalio mara mbili kama alivyoonyeshwa kwenye video za simu, akapiga. Kipira kiliruka kwa pembeni na kuingia kwenye maharage ya jirani. Wale mbuzi hawakushtuka. Walikuwa wameshazoea kusogea kabla hajapiga.

"Kira Jumamosi niko hapa, na jana jioni nirikuja tena," Shema alisema, jasho linamtoka. "Hoteri irituma masharti. Inasema razima wachumba wacheze pamoja."

Frida alimsogelea. "Umesema nini?"

"Razima wacheze pamoja."

"Nani wacheze?"

"Wachumba."

"Sisi ni wachumba, Shema?"

Shema alikuna kichwa kwa fimbo. "Hoteri ndiyo inasema hivyo. Sisi tutaongea."

Nilijua mtaguna. Mimi mwenyewe nimeguna. Frida aliitazama ile glavu aliyokuwa bado ameishika.

"Na hii?"

"Yako! Nirikununuria wewe, surprise ya kisiwani. Wewe umeiharibu. Vaa basi."

Akaivaa. Ikakaa sawasawa, vidole vyote vitano, mkono wa kushoto. Yule mwanamke mwenye kiuno na gari akayeyuka, na Frida akaona aibu kidogo, na raha nyingi. Akaomba fimbo. Akaishika. Shema akamtazama anavyoishika, uso ukaanza kumbadilika.

"Unatumia kushoto?"

"Natumia kushoto nini?"

"Gravu inavariwa mkono ambao si wa nguvu. Ukitumia kushoto, ungevaa ya..."

"Shema." Frida alishusha fimbo taratibu. "Miaka minne. Naandika mbele yako. Nakata vitunguu mbele yako. Hujui natumia mkono gani?"

"Rakini unakura kwa kuria!"

Alimaanisha kula, kwa mkono wa kulia.

"Nakula kwa kulia kwa sababu bibi alinichapa mpaka nikaacha! Kushoto ndiko kwangu!"

Na kwa hasira hizo akapiga. Hakulenga. Kipira kilikwenda moja kwa moja na kugonga kofia ya mzee Évode, ikalia ko! Mzee Évode hakutikisika. Alinyanyua kioo, akamwangalia Frida kwa heshima, akakishusha tena.

"Uyu arabizi," alisema. Huyu anajua.

Hapo ndipo simu ya Frida ilipolia. Kwenye kioo cha simu paliandikwa: Baba.

*

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mkwe wangu hajambo?"

Frida aliketi chini, kwenye mabua. Baba yake, Mzee Mhina, ni mzee wa kanisa. Huyu mtoto wake wa kike alikuwa amemuaga kwa simu kwamba anakwenda semina ya kikazi. Mzee akijua semina yenyewe ina mishumaa na kitanda kimoja, na hapajafungwa ndoa, Muheza nzima itakuwa ndogo kwa hasira zake.

"Mkwe gani, baba?"

"Unanificha nini tena, na sisi tumeshavuka Rusumo? Tuko ndani ya Rwanda. Niko na shangazi yako Felista. Analia kwa furaha tangu Singida, nimemwambia apumzike hataki."

"Baba, mnakuja Kigali? Leo?"

"Sasa mtoto wa mtu katoa mahari, sisi tukae tu nyumbani? Jumapili iliyopita nimetangaza kanisani. Mchungaji kaniita mbele, kanishika mkono, watu wamepiga vigelegele. Mwambie mkwe wangu mahari yake tumeipokea kwa mikono miwili. Na lile gofu tunataka kuliona, hata kwa picha."

Mtandao ukakata.

Frida alibaki na simu sikioni. Alimgeukia Shema, aliyekuwa anatafuta kipira kwenye maharage.

"Shema. Jumatano ya wiki iliyopita, nilipokuwa nakaanga samaki wa sambaza, baba alipiga ukapokea wewe. Mliongea nini?"

"Niriongea vizuri sana! Mzee arifurahi."

"Tulikubaliana useme semina."

"Nirisahau semina. Niriona sauti yake ni ya mtu mzuri, nikaona aibu kumdanganya. Nikamwambia ukweri wote."

"Ukweli gani? Nisemee kama ulivyosema. Neno kwa neno."

Shema alisimama katikati ya maharage, akanyoosha mgongo kama mtoto anayesoma risala.

"Nirisema, Mzee, usiwe na wasiwasi juu ya Frida. Mahari nimesharipa. Ni mahari pazuri sana. Iko kisiwani, na iko na gofu kubwa."

Msomaji, Mzee Mhina alifundisha Kiswahili shule ya msingi mpaka akastaafu. Kwake yeye mahari ni mahari. Na gofu si mchezo wa fimbo na vipira. Gofu ni nyumba iliyokufa, paa limekwenda, kuta zimelala, kama yale majengo ya zamani ya mashamba ya mkonge huko kwao. Kwa hiyo mzee wa watu alichosikia Jumatano ile ni kwamba kijana wa Kigali amemlipia binti yake mahari, na mahari yenyewe ni kiwanja kisiwani chenye gofu kubwa. Lile "pazuri" alilisikia, akaliona ni kosa la sarufi. Alijiambia kwamba mwalimu mwenye adabu hamsahihishi mkwe siku anayotoa mahari.

Frida alicheka. Alicheka mpaka akashika tumbo, na mzee Évode akasogeza kigoda chake mbali. Kisha kicheko kikaisha ghafla, na pale kilipoishia palikuwa panauma.

Hakutaka kumsahihisha baba yake. Huo ndio ukweli. Alitaka liwe kweli. Alitaka vile vigelegele vya kanisani viwe vyake kihalali.

Alisogea pembeni, akampigia Wanjira, akamwambia yote.

"Nyamaza!" Wanjira alisema. "Usirekebishe kitu. Hata koma usirekebishe!"

"Lakini ni uongo, Wanjira."

"Uongo wa nani? Wewe umesema nini? Ni herufi ndiyo imesema. Miaka minne umengoja huyo mtu aongee, sasa ameongea, ati unataka kumkatiza?"

Frida alirudi kwa Shema. Alikuwa ameshapata kipira, anakifuta kwenye suruali.

"Baba anakuja," alisema. "Yuko njiani na shangazi."

"Wanatusindikiza airport?" Uso wa Shema uling'aa. "Famiria yako ni watu wa upendo sana."

Frida akafunga mdomo. Na tangu hapo, mimi nawaambia kabisa, kosa likawa la watu wawili.

*

Stendi ya Nyabugogo siwaelezei. Mabasi, mabegi, Shangazi Felista akimkumbatia Shema katikati ya watu na kumlowesha shati. Tuje Kagarama, uani kwa Frida, jua bado liko juu, viti vimewekwa nje, soda zimefunguliwa. Gari la Shema liko palepale mbele yao, na vumbi lake la Gahanga.

Mzee Mhina alikuwa amevaa koti, na tai aliyoifunga upya ndani ya basi. Alikohoa.

"Mwanangu Shema," alianza, "mimi si mtu wa maneno mengi." Akasema mengi. Alisema jinsi mama yake Frida alivyofariki binti bado mdogo, jinsi alivyomlea peke yake, jinsi watu walivyokuwa wakimuuliza kila Krismasi, huyu wa Kigali vipi, na yeye hana jibu. "Jumatano umenipa jibu. Ahsante sana."

"Asante na wewe, Mzee," Shema alisema, ameguswa.

"Sasa, ile mahari. Ulimlipa nani?"

"Wakara wa mjini, Mzee. Nimeripa yote, hakuna deni."

Mzee alimgeukia dada yake. "Kuna wakala. Ni mambo ya kisheria." Akarudi. "Na hati iko kwa jina la nani?"

"Kwa jina rangu na ra Frida. Bwana na Bibi Shema."

Shangazi Felista akapiga kigelegele kifupi. Frida aliangalia chupa yake ya soda. Bwana na Bibi Shema. Hilo hakuwahi kuambiwa.

"Na ndani mna nini?"

"Iko kira kitu! Maji ya moto. Chakura cha asubuhi iko ndani ya bei."

"Mahari yenye chakula cha asubuhi," Mzee alisema polepole. "Na vitanda?"

"Kitanda iko moja. Kubwa sana."

Shangazi alikohoa, akavuta kitenge chake. Mzee akaona ahame mada haraka.

"Tuje kwenye gofu lenyewe. Kuta zimesimama?"

"Kuta?" Shema alicheka. "Hapana, Mzee. Iko wazi. Unaona bahari yote."

"Paa je?"

"Hakuna paa."

"Lina matundu sana?"

"Mashimo? Iko kumi na nane."

Mzee Mhina na dada yake walitazamana. Ilikuwa hali mbaya kuliko walivyodhani, lakini kitu cha bure hakikataliwi mbele ya mwenyewe.

"Mashimo kumi na nane," Mzee alisema. "Hayo yanazibika. Tukipata fundi mzuri."

"Hapana! Mzee, usiyazibe!" Shema alishtuka. "Watu wanaripa sababu ya hayo mashimo!"

Akatoa simu, akawaonyesha. Shangazi Felista aliitwaa kwanza. Majani ya kijani yaliyokatwa vizuri, kibendera kidogo, bahari ya buluu nyuma, wala hapana tofali.

"Gofu liko wapi?"

"Hiyo yote, Shangazi, ndiyo gofu."

"Maskini," Shangazi alisema, anampa kaka yake simu. "Limebomoka mpaka msingi."

Mzee Mhina aliivuta picha kwa vidole, akaipeleka kushoto, ikaja nyingine. Mwanaume na mwanamke, wamevaa nyeupe, wameshikana viuno, mkononi wana fimbo. Ikaja nyingine. Kitanda kikubwa, na juu yake maua yamepangwa kwa umbo la moyo. Alivua miwani. Akaifuta. Akaivaa tena, na safari hii alimtazama Shema kwa jicho la mwalimu.

"Kijana. Hebu sema, lala salama."

"Rara sarama."

"Sema, mahali."

"Mahari."

"Sema, mahari."

"Mahari."

Shangazi Felista aliweka soda chini.

"Frida," Mzee alisema bila kugeuka. "Ile semina."

"Hakuna semina, baba."

"Na hii mahari."

"Ni mahali, baba. Ni hoteli." Sauti ilimtoka nyembamba. "Sikukuambia kwa sababu... sikutaka iwe hoteli."

Shema aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Mahari ni nini? Nimekosea nini?"

Frida alijibu mwenyewe, kwa Kinyarwanda, ili asipate pa kujificha.

"Mahari ni inkwano, Shema. Ng'ombe wa ukwe. Ulimwambia baba yangu umeshanitolea inkwano."

Sijui kama mmewahi kumwona mtu anaelewa kitu polepole, kuanzia miguuni. Shema alisimama. Akaketi. Akasimama tena.

"Nimesimama mbele ya kanisa," Mzee Mhina alisema. Hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa afadhali. "Nimepigiwa vigelegele kwa ajili ya hoteli."

"Kaka, turudi," Shangazi alisema. Alikuwa analia tena, na safari hii si kwa furaha.

"Turudi. Ila huyu kwanza anijibu." Mzee alisimama, akajivuta koti. Alimfikia Shema kifuani tu, lakini Shema ndiye aliyeonekana mdogo. "Jumatano hukujua ulisema nini, nakusamehe. Leo unajua. Maneno yote mawili umeshaelezwa. Kwa hiyo sitaki maelezo, sitaki tutaongea, nasikia hilo neno unalipenda. Nataka neno moja. Kwa binti yangu ulitoa mahari, au ulilipia mahali?"

Mbuzi wa jirani alilia. Hakuna aliyemjali.

Shema alimtazama Frida. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka minne kumtazama bila haraka, na Frida aliogopa, maana hakujua kinachotafutwa usoni mwake. Alikuwa bado amevaa ile glavu. Alisahau kuivua tangu Gahanga.

Kisha Shema akamgeukia Mzee, akasema kwa sauti ambayo mtaa mzima wa Kagarama ungeisikia:

"Mzee, ni mahari."

Shangazi Felista akainua mikono kupiga kigelegele, akasita nayo hewani. Alimtazama kaka yake. Kaka yake akamtazama Frida. Frida, aliyekula na kulala na ulimi ule miaka minne, hakujua. Kwa Mungu hakujua.

"Umesema ipi?" Mzee aliuliza.

"Mahari, Mzee!"

"Kijana, unanitesa." Mwalimu mstaafu alipangusa paji la uso, akaangaza macho uani, yakatua kwenye lile gari na kioo chake chekundu. Miaka mingi alikuwa amewasimamisha watoto mbele ya ubao. Alimshika Shema mkono kwa upole tu, akampeleka mpaka nyuma ya gari. "Hapa. Kwa kidole. Kwa herufi kubwa, nione."

Shema alinyoosha kidole kwenye vumbi.

Akaandika M. Akaandika A. Akaandika H. Akaandika A nyingine.

Alivuta pumzi. Frida alikuwa amesogea karibu mno, bila kujua amesogea saa ngapi. Shema alirudisha kidole juu ya kioo na kushusha mstari mmoja, ulionyooka, taratibu, mpaka chini. Mstari huo L inao. Na R inao. Kidole kikigeuka kulia palepale chini, ni Dodoma. Kikirudi juu, ni vigelegele.

Kidole kilifika chini, kikasimama.

"Inua," Frida alisema kwa sauti, mbele ya baba yake, na machozi yakamtoka bila kumwomba ruhusa. "Shema, nakuomba. Inua kidole."